Nilivyoweka setingi za Auto Scaling Group kwenye kodi mpaka zikatulia

Kuna watu kila ukiwauliza kitu cha programu jibu lao ni "hiyo mbona rahisi", na hao ndio walionichelewesha kuliko kazi yenyewe. Tuna kijiprogramu chetu cha lugha ya Go kinasoma faili la setingi halafu kinatengeneza na kurekebisha makundi ya seva kule AWS (huduma ya Amazon ya kukodisha seva), yale ya Auto Scaling, trafiki ikipanda seva zinaongezwa ikishuka zinapunguzwa. Mimi nilipewa sehemu ya strakti (muundo wa kodi unaobeba fildi kadhaa pamoja) ya kushika setingi za kundi. Jamaa mmoja aliyenizidi cheo akanipa ushauri: fungua maelezo ya API (mlango ambao programu inaupitia kuiagiza AWS), nakili fildi zote kama zilivyo, namba zote int ya kawaida, yaani namba kamili, umemaliza.

Nikaandika alivyosema, tena akaipitia mwenyewe akaisifia. MinSize int (idadi ya chini ya seva), MaxSize int (idadi ya juu), DesiredCapacity int (idadi inayotakiwa kwa sasa), HealthCheckGracePeriod int (muda seva mpya inaopewa kabla afya yake haijahesabiwa), imepangika inapendeza macho. Sasa mwenzetu akataka kubadilisha grace period tu ya kundi moja la majaribio, akaandika faili lenye jina la kundi na hiyo grace period basi, maana akili ya kawaida inasema usichokitaja hujakigusa. Lakini kwenye Go int ambayo hujaijaza ni 0, kwa hiyo programu ikapeleka ombi safi kabisa: MinSize 0, MaxSize 0, DesiredCapacity 0. Na API ikatae kwa sababu gani? 0 ni namba halali, watu wanashusha makundi ya majaribio hadi 0 usiku makusudi ili bili ipumue. Seva zikaanza kuondoka moja moja kama wageni shughuli imeisha, zinatolewa kwenye lodi balansa (kigawa trafiki kwa seva) kwa utaratibu mzuri, logi haina kosa hata moja, sisi tunatafuta nani kadukua mfumo kumbe tumeomba wenyewe.

Jamaa yangu akaja na dawa: "Basi ikiwa 0 usiipeleke." Ehe, na anayetaka 0 ya kweli usiku afanyeje, aandike -1? Mwingine akasema weka kila kitu kwenye map ya maandishi tu, yaani jozi za jina na thamani zisizo na strakti, hilo nikalikataa pale pale, mtu anaandika MinSzie na hakuna wa kumwambia amekosea.

Dawa ni pointa, yaani kielekezi cha mahali thamani ilipo ambacho kinaweza pia kuwa tupu (nil), na maktaba ya Go ya AWS yenyewe ndivyo inavyofanya, namba zake ni *int32. nil maana yake sijasema kitu, 0 maana yake nataka sifuri. Inachosha kukagua nil kila mstari kwa hiyo nikatengeneza kiaina changu kidogo kinaitwa Hiari[T], kina thamani na bendera ya kama imetajwa, na huku kwenye faili mtu haoni tofauti yoyote. Ukaguzi wa kwamba min haizidi max ufanye baada ya kuchanganya kilichotajwa na kilichopo tayari kwenye kundi, ukiufanya kabla utakuwa unalinganisha namba na hewa.

Sasa hapa kwenye DesiredCapacity ndipo ninapojivunia, mnivumilie. Kila mtu anaichukulia hii kama setingi, imekaa pale katikati ya min na max inaonekana ndugu yao. Lakini mwenye hiyo namba sio wewe! Ni sera ya kuongeza na kupunguza ndiyo inaisogeza mchana kutwa. Faili linasema 4, trafiki imepanda kundi limefika 11, halafu mtu anabadilisha tagi moja tu isiyo na madhara, programu inalinganisha, inaona 11 sio 4, "inasahihisha". Seva 7 chini saa ya watu wengi, halafu sera inaanza kuzipandisha upya huku watumiaji wanaangalia ukurasa unazunguka. Watu wa Terraform (zana ya kutengeneza seva kwa mafaili ya setingi) wanalijua hili ndio maana wanaweka ignore_changes, yaani puuza mabadiliko, kwenye desired_capacity.

Mimi niliitoa kabisa kwenye strakti ya setingi. Nikaweka fildi nyingine, IdadiYaKuanzia, inasomwa mara moja tu wakati kundi linazaliwa, kwenye kusasisha hata ukiiandika haina pa kupita, na ile strakti ya ombi la kusasisha haina mahali pa kuiweka. Jamaa akauliza, je nikipandisha min juu ya idadi iliyopo? Hakuna shida, ukipandisha MinSize bila kutaja desired API yenyewe inaisogeza desired hadi min mpya, na ukishusha MaxSize chini ya idadi iliyopo inaivuta hadi max. Kukaa kimya ndiko salama. Akanyamaza, nikafurahi sana siwezi kuficha.

Vingine haraka haraka. VPCZoneIdentifier ni sabneti zako zote (vipande vya mtandao ambamo seva zinawekwa) kwenye mstari mmoja wa maandishi zikitenganishwa na koma, ukilinganisha hivyo hivyo utapata "mabadiliko" ambayo ni mpangilio tu, kwa hiyo ikate, ifanye seti. Ila usije ukapanga kila orodha kwa alfabeti kama nilivyoshauriwa! TerminationPolicies (kanuni za kuchagua seva ipi iondolewe kwanza) zinafuatwa kwa mpangilio ulioziandika, OldestLaunchTemplate ikitangulia na ikifuata sio kitu kimoja. Tagi zinazoanza na aws: zichuje unaposoma, sio zako huwezi kuzigusa. Muda wote kwenye kodi uwe time.Duration (aina ya Go ya kushika muda), geuza kuwa sekunde mlangoni tu wakati wa kutuma, na kumbuka MaxInstanceLifetime (umri wa juu wa seva, kwa sekunde) ni 0 au kuanzia 86400, yaani siku nzima, hamna saa mbili pale.

LaunchTemplate, LaunchConfiguration na MixedInstancesPolicy ni njia tatu za kueleza seva mpya ziundweje, na ni moja tu kwa kundi, Go haina aina za "hiki au kile" kwa hiyo nimetumia interface yenye metodi ya siri, huwezi kuweka mbili hata ukitaka.

Na difolti usiziamini kichwakichwa. Grace period ukitengeneza kundi kwa konsoli unapewa sekunde 300, ukitengeneza kwa API bila kuitaja ni 0. Programu inayochukua dakika mbili kuamka, HealthCheckType ikiwa ELB (afya inapimwa na lodi balansa), inauawa kabla haijasimama, inaletwa nyingine nayo inauawa, unalipia seva zisizofanya kazi hata moja. Kwangu ni lazima iandikwe, hakuna difolti.

Hivyo hivyo OnDemandPercentageAboveBaseCapacity (asilimia ya seva za bei kamili juu ya idadi ya msingi), usipoitaja ni 100, yaani umeweka MixedInstancesPolicy unajiona umebana matumizi kwa spot (seva za akiba za bei nafuu) kumbe kila seva unalipa bei kamili. Hiyo nayo usipoiandika programu inagoma na inakuambia ni kwa nini, na mpaka sasa ndiyo inayogomea watu wengi zaidi.