Kamba ya mita 12

Jumamosi tulifungwa matatu pale Tononoka, na yote matatu yalipita njia moja: kati ya namba sita wangu, yaani kiungo mkabaji, na mabeki wa kati.

Tunacheza 4-3-3, mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, na tunakaba juu, karibu na goli la wapinzani. Namba tisa, mshambuliaji wa kati, anamwendea beki mwenye mpira, mawinga wanapanda, viungo wanafuata. Watazamaji walikuwa wakipiga kelele "Presha! Presha!" na vijana walikimbia kwa moyo wote. Lakini mabeki wangu wawili walibaki palepale karibu na boksi letu. Namba kumi wao, kiungo mshambuliaji, mtoto mwembamba wa mguu wa kushoto, alikuwa anaupokea mpira nyuma ya namba sita, anageuka, anatazama, anachagua.

Baada ya mechi nikamuuliza beki wangu mbona hapandi. "Kochi, yule tisa wao ana mbio. Nikipanda ataniacha."

Jibu la kweli kabisa, na kosa ni langu. Wiki tatu nimewafundisha wa mbele kukaba, wa nyuma sikuwaambia kitu. Presha haitoki kwenye mbio. Inatoka kwenye kuufanya uwanja uwe mdogo. Milan ya Italia chini ya kocha Arrigo Sacchi, mabingwa wa Ulaya 1989 na 1990, walitumia 4-4-2, tena mbali na mfumo wetu, lakini Sacchi alitaka toka beki wa mwisho mpaka mshambuliaji wa mbele pasizidi kama mita 25. Sisi Jumamosi tulifika 50.

Na hofu ya beki wangu ina dawa. Mstari wetu ukifika karibu na katikati ya uwanja, tisa wao akisimama nyuma yake upande wetu, ameotea. Akirudi nusu yake haotei tena, lakini mbio zake sasa ni za nusu uwanja mzima, na kipa wetu yuko nje ya boksi anamsubiri. Kuna sharti moja tu, nalo nimelirudia mpaka sauti imekauka: mwenye mpira akibanwa, panda, akiwa huru na kichwa kimeinuka, shuka haraka. Kupanda wakati mtu ana nafasi ya kupiga mpira mrefu ni kujichimbia shimo.

Jumanne nikaja na kamba ya nailoni, ile ya wavuvi, mita 12. Ncha moja ameshika beki, nyingine namba sita. Wa mbele wanakaba, hawa wawili wanasogea pamoja. Mara ya kwanza kamba ilimchomoka sita mkononi ikamwachia mstari mwekundu kiganjani. Mara ya tano ikaanza kulegea. Halafu nikamsikia beki mwenyewe, kabla sijafungua mdomo: "Pandeni!"

Kwa mawinga nilitumia jua. Saa kumi na nusu kivuli cha mtu ni kirefu. Nikamwambia winga wa kulia: usimwendee beki moja kwa moja, zunguka kidogo kutoka nje, fulbeki wao, yule beki wa pembeni, abaki ndani ya kivuli chako. Pasi ya pembeni ikafa, mpira ukarudi katikati tulikojaa. Siku hizi timu nyingi zinaanza na pasi fupi ndani ya boksi, kwa kuwa tangu 2019 mkwaju wa goli, ule wa kuanzisha mpira kutoka golini, si lazima utoke nje ya boksi ndipo mwenzako aguse. Hapo ndipo tunapowavizia.

Hatutakaba hivi dakika 90. Jua la kaskazi linaua miguu. Robo saa ya mwanzo, na kila tunapopoteza mpira karibu na goli lao. Vinginevyo tunashuka, tunapumua.

Aliyebaki ni kipa. Nimemwambia asimame hatua tano nje ya boksi tukiwa juu, na kila nikigeuka nakuta amerudi kwenye mstari wa goli. Kesho naanza naye, kabla wenzake hawajafika.