Uzoefu Wangu: Nilivyoyaweka Sawa Majina ya Waandishi katika Katalogi ya Maktaba ya Chuo

Mimi ni mkutubi msaidizi katika kitengo cha uorodheshaji cha maktaba ya chuo kikuu kimojawapo hapa Dar es Salaam, na ninalotaka kulieleza ni namna nilivyoyaweka sawa majina ya waandishi katika mkusanyo wetu wa vitabu vya Kiswahili. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kitengo hiki ni kubandika namba mgongoni mwa vitabu. Namba zipo, nami nitazifikia, lakini sehemu kubwa ya siku hupita katika kuamua mambo ambayo msomaji hayaoni: kitabu hiki kimeandikwa na nani, je, huyo ndiye yule aliyeandika kile kingine, na jina lake liandikwe vipi ili anayelitafuta avipate vitabu vyake vyote mahali pamoja.

Nilipokabidhiwa mkusanyo huo, maktaba ilikuwa imekwisha kuhama kutoka kwenye kadi na kuingia kwenye Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand. Rekodi zilikuwa zimeingizwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, na kila mmoja aliandika jina kama alivyolikuta kwenye jalada. Matokeo yake yalikuwa ya aina mbili. Kwanza, mtu mmoja aligeuka kuwa watu kadhaa: mwandishi wa riwaya kutoka Zanzibar anayefahamika kama Adam Shafi alikuwa pia Adam Shafi Adam na Shafi Adam Shafi, na Profesa Penina Muhando wa tamthilia alikuwa mbali kabisa na Penina Mlama wa vitabu vya taaluma ya sanaa za maonyesho, ilhali ni mtu huyohuyo. Pili, watu watatu walielekea kuwa mmoja. Mohamed Said Abdulla, Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed ni waandishi watatu tofauti, wote wa Zanzibar, wote wa riwaya, na mahali ambapo mwingizaji alitosheka na herufi za mwanzo hapakuwa na njia ya kuwatenganisha pasipo kukishika kitabu chenyewe.

Nilianza na njia rahisi, yaani kunakili rekodi zilizokwisha kutengenezwa na maktaba nyingine. Koha huweza kuomba rekodi kutoka katika Maktaba ya Bunge la Marekani kwa itifaki ya Z39.50, yaani utaratibu unaoziwezesha kompyuta za maktaba kutafutiana rekodi, na vitabu vya Kiswahili hupatikana huko kwa wingi kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayonunua machapisho ya Afrika Mashariki. Riwaya na tamthilia zilizotolewa na wachapishaji wakubwa wa miaka ya sabini nilizipata karibu zote. Diwani zilizochapishwa na washairi wenyewe kwa gharama zao, vijitabu vya semina na tasnifu za wanafunzi wetu hazikuwapo, na wala sikutegemea ziwepo. Nilipendekeza, na mkuu wa kitengo akakubali, kwamba pale ambapo jina limekwisha kusanifiwa huko, yaani imekwisha kuchaguliwa sura moja ya kuliandika, tulifuate hata kama halitupendezi sana, kwa kuwa tukianza kushindana nalo, kila rekodi itakayonakiliwa baadaye itatufungulia upya mjadala uliokwisha kufungwa.

Ugumu ulibaki kwa majina ambayo hayajasanifiwa popote. Kanuni za uorodheshaji ziitwazo RDA, ambazo ndizo zilizochukua nafasi ya zile za zamani za AACR2, hutaka jina lianze na sehemu ambayo kwa desturi ya nchi na lugha ya mwandishi ndiyo ya kuanzia. Desturi yetu ni ipi? Mtanzania wa kawaida ana jina lake, la baba na la babu. Mwingine ana la ukoo juu ya hayo. Mwingine hutumia majina mawili kazini na matatu kwenye cheti. Nilimwendea mzee mmoja aliyestaafu baada ya kuzitunza kadi zetu kwa miaka mingi, ambaye bado huja maktabani kusoma magazeti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Bado unahangaika na kina Mohamed?”

Nilimweleza shida yangu. Alinijibu kwamba nisijisumbue kutafuta jina la ukoo mahali ambapo halipo, bali niangalie wenzake mwandishi wanamtaja vipi katika marejeo ya makala zao na yeye mwenyewe anajitaja vipi anaporejelea kazi zake. Nilipoirudia kanuni nikaona kwamba ndiyo inavyosema, ila kwa maneno mengi zaidi.

Basi nikaanza kujenga faili la majina sanifu, na hapa ningependa kuonyesha rekodi moja ilivyo ndani, kwa sababu wanafunzi wa ukutubi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hufundishwa zaidi rekodi za vitabu, na hizi za majina huzipitia juujuu tu. Rekodi hugawanywa katika sehemu zenye namba, ziitwazo uga. Uga wa 100 huchukua sura moja iliyochaguliwa. Uga wa 400 hurudiwa kadiri inavyohitajika na huchukua sura nyingine zote, ili atakayetafuta kwa mojawapo aelekezwe kwenye ile sanifu. Uga wa 670 hueleza jina limeonekana wapi: kitabu gani, ukurasa wa jina la kitabu au nyuma ya jalada, na limeandikwaje hapo. Huu wa mwisho ndio wenzangu walitaka kuuruka kwa haraka ya kazi, nami nikaung'ang'ania, kwa maana bila ushahidi huo mtu atakayekuja kesho ataamua upya kwa kubahatisha. Shaaban Robert ni mfano mzuri. Jina lake sanifu ni “Robert, Shaaban, 1909-1962”, lakini sijaona mwanafunzi anayelitafuta chini ya herufi R katika faharasa ya majina. Wote huenda S. Uga mmoja wa 400 wenye “Shaaban Robert” kwa mpangilio wa kawaida humaliza tatizo hilo bila kuligusa jina sanifu.

Rekodi sanifu ikishakuwapo, Koha huruhusu rekodi mbili za jina kuunganishwa, na vitabu vilivyokuwa vimefungwa kwenye ile inayoondolewa huhamia kwenye inayobaki. Kazi hiyo niliifanya asubuhi kabla wasomaji hawajajaa, kwa kuwa seva yetu si ya kujivunia na umeme wa mchana una mambo yake. Kila nilipounganisha niliviita vitabu rafuni na kuukagua ukurasa wa jina na mgongo wa ukurasa huo, nisikubali jalada peke yake. Jalada ni mali ya msanifu wa picha, naye hufupisha jina apendavyo.

Ndipo zikaja namba. Katika mfumo wa uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, tunaoufuata sisi, fasihi ya Kiswahili ya mwandishi mmojammoja hukaa PL8704, kisha hufuata herufi ya kwanza ya jina na tarakimu kutoka katika jedwali la Cutter, linalogeuza herufi zinazofuata za jina kuwa tarakimu. Jedwali hilo lilitungwa kwa majina ambayo konsonanti ya mwanzo kwa kawaida hufuatwa na irabu: a hupewa 3, e 4, i 5, o 6, r 7, u 8, y 9. Majina yetu hayakulifikiria jedwali hilo, wala lenyewe halikuyafikiria. Yanayoanza na Mb, Mk, Ml, Ms na Mw, kisha Nd, Ng na Nk, ni mengi mno, na yote hulazimika kubanwa katikati ya tarakimu hizo. Tamthilia za Muhando huangukia M84. Jina likiwa Mlama, kitabu kinahamia mahali kati ya M5 na M6, rafu nyingine kabisa. Mtu anayetembea kati ya rafu kwa macho hawezi kujua kwamba mwandishi ni yuleyule. Kwa hiyo kila jina lililosanifiwa lilidai vibandiko vipya, na nilitengeneza orodha ya kitengo inayoonyesha ni herufi zipi zilizotanguliwa na M au N zimetengewa tarakimu zipi, ili mwenzangu wa zamu nyingine asije akampa Mkwere namba ya Mlacha.

Kuhusu mada sina mengi. Vichwa vya mada, yaani maneno yanayoeleza kitabu kinahusu nini, tunavyotumia ni vya Kiingereza, na vyote vinavyohusu ushairi huishia katika kundi moja kubwa, ilhali mwanafunzi wa Kiswahili hutafuta utenzi, ngonjera au taarabu. Vichwa hivyo tuliviacha kama vilivyo, tukaongeza maneno ya Kiswahili katika uga wa 653, ambao haudai msamiati uliodhibitiwa, yaani maneno ya orodha rasmi pekee.

Majina ya taasisi ndiyo yaliyonifurahisha zaidi, labda kwa kuwa taasisi haiolewi. Mtu anayebadili jina hubaki rekodi moja, lakini taasisi inayobadili jina hupata rekodi mpya, na mbili hizo huunganishwa kwa uga wa 510. Kamati ya kusanifisha Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1930 iliingia mwaka 1964 chini ya kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaja kujulikana kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na mwaka 2009 TUKI na Idara ya Kiswahili zikaunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Kamusi na majarida yao yanatakiwa kubaki chini ya jina lililokuwa likitumika siku yalipotolewa, na msomaji avuke kutoka jina moja hadi jingine kwa viungo hivyo.

Tasnifu nilizikabili kwa namna nyingine, kabla hazijafika mezani kwangu. Fomu ya kuwasilisha nakala laini sasa ina kisanduku kinachomtaka mwanafunzi aandike jina kama anavyotaka litajwe katika marejeo, na kingine cha jina alilochapishia awali, kama lipo. Kisanduku hicho cha pili ndicho kinachojazwa zaidi na akina dada walioolewa katikati ya masomo. Kilichobaki mezani ni ripoti za wizara, ambazo kila baraza linaposukwa upya huja na kichwa kipya, na mkuu wa kitengo amekwisha kuniambia nianze na zile za kilimo.