Nilivyochimba shimo la kuota moto nyuma ya nyumba, la mtindo wa kambi ya safari

Hiki kitu nimekitamani miaka mingi. Sio lile beseni la chuma la kununua unaliweka juu ya vigae, nilitaka shimo lenyewe chini ardhini kama la kambi za porini, ile mnarudi jioni mmechoka mnakuta mchanga umefagiwa, viti vya turubai vimepangwa na moto unawaka chini kabisa usawa wa miguu. Nimelimaliza sasa na nalitumia karibu kila wikiendi, ila njiani kuna mambo niliyakosea na moja lilikuwa la hatari kweli, ndo maana naandika.

Kwanza kabisa uliza kama unapoishi wanaruhusu moto wa wazi, sehemu nyingi kuna masharti hasa msimu wa ukame. Pia hakikisha hamna bomba wala waya wa umeme umepita chini kabla hujashika sururu. Umbali nilioacha ni zaidi ya mita 6 kutoka ukutani na kwenye uzio, wengi wanasema mita 3 zinatosha lakini mimi nimeona cheche zinavyoruka kukiwa na upepo, bora kuzidisha. Na juu pawe wazi, tawi lolote linaloning'inia hapo ni la kukata au uhame wewe.

Alafu upepo. Nilifunga kitambaa chepesi kwenye fimbo nikaichomeka pale nilipopataka, wiki nzima kila jioni naenda kuangalia kinaelekea wapi. Nilifanya hivyo kwa sababu ya kitu kimoja nilichokiona kambini na sikukisahau, kwamba viti havikuuzunguka moto wote, vilikaa nusu duara tu upande unakotokea upepo, ule mwingine ukaachwa wazi kabisa unatazama giza. Moshi unaenda zake huko, nyie mnabaki mnatazama moto na nyuma ya moto ni usiku. Kwangu mimi hiyo ndo safari yenyewe, sio ngozi ya pundamilia ya bandia wala vinyago, na kila uamuzi uliofuata niliupima kwa hilo, je, moto unabaki chini na wazi au la.

Kuchora duara ni rahisi, nilipiga kigingi katikati nikafunga kamba ya sentimita 75 na kijiti upande wa pili, nikazunguka nacho. Hapo unapata duara la mita moja na nusu, ukishapanga mawe na matofali pembeni inabaki kama mita moja ya moto, na hiyo inatosha sana, likiwa kubwa zaidi litakula kuni na watu watakaa mbali mbali. Nikachimba kwenda chini sentimita 35.

Kabla ya kuweka chochote nikamwaga ndoo mbili za maji humo ndani nikaenda kulala. Asubuhi yale maji yapo vilevile! Udongo wangu ni wa mfinyanzi, haunywi. Ningejenga hivyo hivyo mvua ya kwanza tu ningepata bwawa la vyura, ikabidi nichimbe kishimo kingine pale katikati, sentimita 30 tena kwenda chini, nikakijaza kokoto, kisha nikatandaza kokoto shimo zima unene wa sentimita 10 na juu yake mchanga mkavu sentimita 5. Toka hapo maji hayajawahi kulala. Jaribio hilo la ndoo ni la bure, lifanye.

Sasa nije kwenye mawe. Nilikuwa na mawe mazuri sana, laini, ya mviringo, nimeyabeba na toroli kutoka mtoni siku mbili mgongo unauma, nikayapanga yakapendeza kuliko picha yoyote niliyowahi kuona. Moto wa kwanza ukapita salama. Moto wa pili, kama nusu saa tumekaa, tukasikia PAA! Kipande kama cha ukubwa wa yai kikaruka kikagonga kiti alichokuwa amekalia mwanangu, yeye alikuwa amenyanyuka dakika hiyo hiyo kwenda kuchukua sweta. Nilitetemeka. Nilizima moto watu wote wakaingia ndani na sikulala vizuri usiku ule.

Kesho yake nikamwita mzee mmoja fundi wa mawe aje aangalie. Alichukua kile kipande akakigeuza geuza, akauliza, "Haya umeyatoa mtoni, siyo?" Nikamwambia ndiyo mzee. "Jiwe la mtoni limekunywa maji miaka yote hiyo, kijana wangu. Nje linaonekana kavu, ndani lina maji. Ukilipasha, yale maji yatatokea wapi?" Na ndivyo ilivyo, maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kama mara 1,700 ya ile ya mwanzo, yakikosa pa kutokea yanalivunja jiwe. Kwa hiyo ukishika jiwe la mtoni au ambalo lilikuwa linakaa majini, usilisogeze karibu na moto hata kama ni zuri vipi. Hata kokoto za kuweka chini chukua zile za mawe yaliyopondwa, sio za mtoni.

Nikayang'oa yote. Ndani nikapanga matofali ya kuhimili moto, yale wanayojengea tanuru, na nje yake ndo nikazungushia mawe magumu ya mlimani kwa ajili ya sura, yenyewe hayaguswi na ndimi za moto. Sikutumia saruji maana ya kawaida ikipata joto inapasuka na kumeguka, nimeyapanga makavu nikayakaza na pima maji na nyundo ya mpira. Usawa wa juu ni sawasawa na ardhi, hakuna ukuta uliosimama. Ukijenga ukuta wa kufika magotini joto linapanda juu miguu inabaki na baridi, na pia huwezi kupanga kuni kama nitakavyosema.

Kuni zinapangwa kama miali ya jua. Magogo matano marefu, vichwa vinakutana katikati na mikia inatoka nje, unawasha katikati kwa vijiti, gogo likiisha mbele unalisukuma ndani kidogo kwa mguu. Moto unabaki mdogo, unadumu, na ukitaka upungue unavuta magogo nyuma. Kuni ziwe kavu kweli kweli, zilizopasuliwa na kukaa angalau miezi sita mahali pana hewa, utazijua kwa nyufa za kichwani na ukigonganisha mbili zinalia ko ko, mbichi inalia du na itawatoa machozi usiku mzima. Mbao zilizotiwa dawa usichome kabisa, za zamani nyingine zina arseniki na moshi wake ni sumu.

Viti nilianza kuviweka karibu mno, kama sentimita 60 tu, magoti yanaungua mgongo unaganda. Sasa viko mita moja na robo hivi kutoka ukingoni, vya turubai, vifupi, kimo cha sentimita 40. Taa za chemli mbili ziko chini nyuma ya viti, sio mbele, maana mwanga ukikupiga usoni huoni nyota wala huoni chochote nje ya moto. Taa ya ukutani tunaizima.

Kuzima nako nilikuwa nakosea, nilikuwa nafukia na mchanga naenda kulala, siku moja asubuhi nachokonoa nikakuta kaa jekundu kabisa chini yake, kumbe mchanga unalitunzia joto. Sasa ndoo ya maji inakaa pale kabla hata kiberiti hakijawashwa. Usiku tukimaliza namwaga kidogo kidogo, nakoroga na koleo, namwaga tena, na mwanangu anapitisha mgongo wa kiganja juu ya majivu bila kugusa, anazunguka duara zima taratibu, "Baba, hapa bado," naongeza maji hapo, anarudia, mpaka aseme kote pamepoa ndo tunaingia ndani.