Altezza yangu na ile 86 niliyokaribia kuinunua

Mwaka juzi nilimpigia simu dalali mmoja nikamwambia aanze kutafuta mteja. Gari alikuwa analijua: Toyota Altezza RS200, rangi ya fedha, namba A, gia za mkono, ninalo tangu 2008. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Nilikuwa nimeshaona gari jingine kwenye yadi moja hapa Dar, Toyota 86 ya mwaka 2017, nyekundu, namba E, na fedha nilikuwa nimezitunza miaka minne.

Altezza nyingi mnazoziona mjini ni AS200, zenye injini ya 1G-FE ya silinda 6, na nyingi ni otomatiki. Langu, RS200, ni la chasisi ya SXE10. Anayetaka kuhakikisha asitazame nembo ya nyuma, maana nembo zinabandikwa. Atazame bati la chasisi. Ndani ya SXE10 kuna 3S-GE, silinda 4, lita 2, haina tabo. Toyota walipolitoa mwaka 1998, chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, injini hiyo kwenye gia za mkono ilikuwa inatoa nguvu farasi 210, na zote zinapatikana mshale wa mizunguko ya injini ukigusa 7,600 kwa dakika. Ukiendesha taratibu ni gari la kawaida la kwenda kazini. Ukivuka 6,000 linabadilisha sauti, na ukishaisikia mara moja hutaisahau. Lilishinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani msimu wa 1998 na 1999, na mwaka 2005 wakaacha kulitengeneza.

Kwetu ni Lushoto. Nyumba ya mama iko juu ya barabara, ukishavuka Soni. Anayeijua ile barabara ya kutoka Mombo anajua ninachokisema: kilomita 30 na ushei za kupanda, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na kona zinafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Nimepanda pale na gari hili mara nisizoweza kuhesabu. Najua kona ipi inataka gia ya pili, ipi ya tatu inatosha, na wapi mvua ikinyesha udongo hushuka barabarani. Mama yangu si mtu wa magari, lakini sauti ya hili anaijua. Nikiwa bado chini huko, yeye keshainjika chai.

Safari ya mwisho kabla ya kumpigia dalali, nilifika nikamkuta ndani. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, siku hizi gari lako linakohoa. Nilidhani ni la mtu mwingine."

Alikuwa na haki. Asubuhi nikiliwasha lilikuwa linagonga kakakaka sekunde mbili tatu kisha linanyamaza. Kwenye matuta nyuma kunalia. Usukani ulikuwa unanionyesha njia yake badala ya kufuata yangu. Foleni ya Ubungo, mshale wa joto ulikuwa unapanda hadi nazima kiyoyozi. Nikajiambia gari limezeeka, limenitumikia, basi.

Mwenye 86 alikuwa muungwana. Alikubali twende naye Bagamoyo, kisha tushike barabara ya Msata, ambako lami imenyooka na magari si mengi. Nasema kwa moyo mweupe: lile gari ni zuri. Injini yake, iliyotengenezwa na Subaru, imelala chini kabisa, silinda zimetazamana ubavu kwa ubavu, kwa hiyo uzito uko karibu na barabara na gari halilali kwenye kona. Ni jepesi kuliko langu kwa kilo mia hivi. Klachi laini, breki zinashika pale pale. Kuna hata bomba linaloleta sauti ya injini ndani ya gari, ili dereva asiikose. Usukani wake unasaidiwa na umeme, wa langu unasaidiwa na mafuta ya haidroliki, na hapo nilidhani ningelishinda. Wapi. Usukani wa 86 ulikuwa unaeleza barabara vizuri kuliko wa kwangu ulivyokuwa siku ile.

Niliporudi nyumbani nikakaa na namba. 86 ya 2017 yenye gia za mkono ina nguvu farasi 207, kutoka lita 2 zile zile. Karibu miaka 20 imepita, na kwenye karatasi tofauti ni farasi 3, tena Altezza ndiyo iko juu. Kisha nikakumbuka jambo ambalo fundi wangu aliwahi kunieleza: giaboksi ya 86, ya gia 6, imetokana na ile ile ya Aisin, kampuni ya Kijapani inayotengeneza giaboksi, iliyokuwa kwenye Altezza. Wameibadilisha mno, vipande vingi ni vipya, lakini ukoo ni mmoja. Ndiyo maana mkono wangu haukupotea hata gia moja kule Msata.

Sasa kama nguvu ni ile ile na giaboksi ni ndugu, kile kilichonifanya nihisi nimetoka kwenye mkokoteni nikaingia kwenye gari kilikuwa nini?

Mke wangu ndiye aliyeipa hoja ile umbo. Nilikuwa namweleza kwamba nitamwachia mteja ahangaike na ule mlio. Akaniambia, "Baba watoto, kama unaliuza, liuze likiwa zima. Usimuuzie mtu ugonjwa." Nilinyamaza. Nilikuwa nimelinganisha gari zima na gari gonjwa, halafu nikatoa hukumu kwamba tatizo ni umri. Nilikuwa nasema nalipenda, na kwa miaka kama 6 nilikuwa nalibadilishia oili na matairi tu. Hilo liliniuma kuliko kitu kingine chochote katika habari hii.

Nikamwambia dalali asubiri. Lengo bado lilikuwa kuuza, ila nilitengeneze kwanza.

Tulianza na joto, kwa sababu joto la Dar huua injini kabla ya kitu kingine. Rejeta mpya, mipira yote ya maji, thamostati. Kwa kuwa mbele palikuwa pameshafunguliwa, fundi akabadilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji kwa pamoja. Mkanda huu ni wa kuuheshimu: kwenye injini hii ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na valvu zake ni za titani, huzipati kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani.

Ule mlio wa asubuhi ulitoka kwenye gia ya VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, ugonjwa unaojulikana sana wa 3S-GE ya toleo hili. Gia ikichakaa haijifungi vizuri injini inapozimwa, na ukiwasha inagonga hadi oili ifike. Hiyo niliisubiri miezi mitatu itoke Japani. Gari lilikaa gereji na turubai juu, nami nikipita kila Jumamosi kulitazama.

Lakini kilichonifungua macho ni bushi, zile raba za kwenye maungio ya miguu ya gari. Fundi alizitoa za mikono ya nyuma akaniwekea moja kiganjani. Mpira ulikuwa umepasuka pande zote, ukiubonyeza kwa kidole gumba unamomonyoka kama mkate mkavu, na chuma cha katikati kilikuwa kinacheza chenyewe. "Kaka," akaniambia, "gari lako lilikuwa limesimama juu ya hizi." Seti ya kwanza ya kubadilishia niliinunua kwa bei rahisi, ikafa ndani ya miezi miwili. Ya pili tulitafuta za Lexus IS200, maana ni gari moja kwa majina mawili, na hizo ziko imara hadi leo. Shokapu nne, mauntingi za injini, raba za usukani. Vitu vingine tulivitoa kwenye AS200 iliyogongwa mbele na kukatwa spea, kwa sababu bodi na miguu vinafanana sana. Anayemiliki RS200 asizidharau hizo AS200 za kukatwa.

Ilichukua miezi 7. Fedha zote hazikufika robo ya bei ya ile 86.

Siku nilipolichukua nilipita njia ile ile ya Bagamoyo hadi Msata, peke yangu. Kwenye breki 86 bado inanishinda, na kwenye wepesi pia. Lakini usukani ulikuwa umerudi. Ile haidroliki inatetema kidogo sana kwenye vidole, unajua tairi la kushoto limekanyaga mchanga kabla gari halijasema lolote. Niliegesha Msata nikampigia dalali, nikamwomba radhi kwa usumbufu.

86 ilipata mtu, kijana mmoja hana watoto, na inamfaa. Ningekuwa sina familia huenda ningeandika habari nyingine, maana viti vyake vya nyuma havimbebi mtu mzima, na wangu wawili wanarefuka.

Mwezi Julai tukapanda kwetu. Mombo tulifika alfajiri, madirisha wazi, hewa ya mlima imeanza kuingia. Kona ya kwanza gia ya pili, nikaiacha injini ivute hadi ile sauti ikaja yenyewe, ikagonga ukuta wa mlima na kurudi. Tulipovuka Soni nilimwona mama kwa mbali, amesimama kando ya barabara, kanga mbili mabegani kwa ajili ya baridi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo halikohoi."