Mafuvu ya mbuzi na sungura: wiki ya 5

Mafuvu haya yanasafishwa kwa kulowekwa kwenye ndoo za maji mpaka nyama ioze na kuachia mfupa, kisha yanatolewa mafuta. Fuvu la sungura limekamilika. La mbuzi bado linatoa mafuta.

Kilichochelewesha kazi ni baridi ya Mbeya ya mwezi wa 7. Nyama huozeshwa na bakteria, na kwenye maji baridi bakteria karibu hawafanyi kazi. Wiki 2 za mwanzo ndoo hazikuonyesha badiliko la maana. Zilipohamishiwa upande unaopigwa jua na kufunikwa magunia usiku, nyama ya sungura ilianza kuachia baada ya siku 6. Usichemshe ili kuharakisha: mafuta huzama ndani ya mfupa, fuvu huja kuwa njano, na meno hupasuka.

Maji ya ndoo yamwagwe kupitia chujio la chai, kila mara. Nyuma ya meno mawili makubwa ya mbele ya juu, sungura ana mengine mawili madogo, yasiyozidi unene wa njiti ya kiberiti. Ufizi ukioza yanachomoka na kupotelea kwenye tope. Ndiyo hayo yanayomtenga na panya, maana panya hana. Ukiyapoteza, umepoteza ushahidi wenyewe. Sungura huyu ana meno yake yote 28.

Mbuzi juu hana meno ya mbele kabisa, ana ufizi mgumu tu. Manane ya chini yote yalichomoka. Yamepangwa kwa mfuatano kwenye trei ya mayai, yarudishwe kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo hulainika kwa maji ukikosea.

Mafuta yanatolewa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, yakibadilishwa kila yanapochafuka. Kisha hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, kwa siku 1. Dawa ya kung'arishia nguo hapana: inakula mfupa, ukaja kumomonyoka kama chaki.

Mafuvu haya yanaandaliwa ili kumwelewa Pakasuchus, mamba mdogo wa kadiri ya paka aliyefukuliwa bonde la Rukwa na kutangazwa mwaka 2010. Mamba wa leo ana meno ya mchongoko yanayofanana mdomo mzima. Huyu, takribani miaka milioni 100 iliyopita, alikuwa na chonge mbele na magego ya kutafunia nyuma, kama mnyama anyonyeshaye, ilhali ukoo wao uko mbali kabisa. Ukiwa na gego la mbuzi mkononi, ajabu hiyo inaeleweka.

Anayefuata ni perege. Mifupa ya kichwa chake husambaratika yote, kwa hiyo ataozeshwa ndani ya soksi nyembamba iliyofungwa.