Washenga wameuliza kuhusu damu yetu

Posa ya mpwa wangu imekwama. Barua tulishaijibu, mahari tulishaanza kuigusagusa, halafu upande wa kijana wakanyamaza. Sababu tumeisikia kwa jirani: kuna mtu kawanong'oneza kwamba ukoo wetu "una kile kitu". Baba mdogo alijiua nikiwa shule ya msingi, na miaka mingi kabla yake, shangazi yake baba. Basi, watu wawili tu, tumeshakuwa ukoo wa namna hiyo.

Nilikasirika sana. Hasira ilipopoa nikajikuta nina swali lilelile la mnong'onezaji: hivi, inarithiwa?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Utafiti ulionikaa kichwani ni wa Denmark, wa mwaka 1979, kuhusu watu waliolelewa na wazazi wasiowazaa, na ambao baadaye walijiua. Watafiti waliwafuatilia ndugu zao wa damu, wakapata 269, na kati yao 12 walikuwa wamejiua. Wakachukua watu wengine waliolelewa vilevile lakini hawakujiua, wakahesabu ndugu wa damu 269: waliojiua walikuwa 2. Kwenye familia zilizowalea hakupatikana hata mmoja. Kwa hiyo huwezi kusema ni kuigana tu, au ni huzuni ya nyumba moja.

Ila namba hizo hizo nimezigeuza. Toa 12 kwenye 269, wanabaki 257. Hao hakuna jirani anayewanong'ona.

Halafu kuna Waamish wa Lancaster, Pennsylvania, wakulima wa Kikristo wanaoishi kwa kushikana sana na wanaotunza kumbukumbu za koo zao kuliko sisi. Mwaka 1985 Janice Egeland na mwenzake walichapisha hesabu ya miaka 100: watu 26 walijiua, na karibu robo tatu yao walitoka katika koo nne tu. Mnong'onezaji wetu angefurahi kuisikia hiyo. Lakini palepale kulikuwa na koo nyingine zilizojaa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na magonjwa mengine ya hisia, na humo hakujiua mtu. Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu.

Ninavyoelewa, hakuna jeni moja ya kujiua. Zipo nyingi, kila moja na mchango mdogo mno, na kinachorithiwa ni wepesi wa kupata sonona, au papara ya kutenda kabla maumivu hayajapoa. Tafiti za mapacha hukadiria mchango wa urithi kuwa asilimia 30 hadi 50, na watu huisoma vibaya namba hiyo, kana kwamba mpwa wangu ana nusu ya uwezekano wa kujiua. Sivyo hata kidogo. Inahusu tofauti kati ya watu katika jamii nzima. Haimpigii mtu mmoja ramli.

Washenga kuuliza habari za ukoo siwalaumu, ni desturi, hata sisi tungeuliza. Kinachoniuma ni kwamba habari hii inatumika kufunga mlango tu. Kliniki wanakuuliza kama kwenu kuna sukari, presha, pumu, na unajibu bila haya, kwa sababu jibu linamsaidia daktari. Hili la baba mdogo sijawahi kuulizwa, na nyumbani tuliambiwa "aliugua ghafla".

Jumamosi nilimweleza mpwa wangu yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwani mjomba, huyo baba yako mdogo alikuwa anaumwa?" Nikakumbuka: alikuwa halali usiku, chakula anakisogeza pembeni, shamba kaliacha likaota magugu, na watu wazima wakasema kawa mvivu. Leo daktari angeiita sonona, na ina dawa na ushauri. Nikamwambia akijiona hivyo siku yoyote, au akimwona mwanawe, asisubiri, aende hospitali na aseme kwamba kwao imewahi kutokea.

Amesema atamwambia mchumba wake mwenyewe. Mimi nimetuma salamu kwa wazee wao: waje, nitawajibu kila watakachouliza. Kisha na mimi nitawauliza kwao kuna nini, maana ukoo usio na kitu sijauona.