Bahasha Mezani
Ni miaka 3 sasa tangu nilipopunguzwa kazini, wiki moja tu baada ya meneja kutuhakikishia mbele ya wafanyakazi wote kwamba hakuna atakayeguswa. Mwajiri wangu wa sasa hajanikosea lolote, tena mshahara huingia kwa wakati, lakini kila ninapoitwa ofisini kwake ghafla, viganja hunitoka jasho na macho hutafuta kwanza kama kuna bahasha mezani. Mkataba wake niliusoma mara 4 kabla ya kutia sahihi, hasa kifungu cha notisi. Mezani pangu hapana picha wala kikombe. Vitu vyangu vyote vinaenea katika mkoba mmoja. Wenzangu hudhani napenda unadhifu, nami sijawasahihisha.